Kikundi changu kimeshaamua mimi ni mtu wa aina gani

Barua ya msomaji

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 22, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja kikubwa cha umma jijini Dar es Salaam, ninakosomea ualimu wa hisabati na jiografia. Nimezaliwa na kukulia wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi, ambako wazazi wangu wanalima korosho, na bahari hatuioni mpaka tusafiri kwenda Lindi mjini. Nilisoma shule ya kata mpaka kidato cha nne, kisha nikachaguliwa kwenda bweni mkoani Iringa kwa kidato cha tano na cha sita. Huko pia tulikuwa wasichana wa mikoa mingi, lakini ratiba ilitubana kiasi kwamba hatukupata nafasi ya kuchunguzana makabila. Chuoni mambo ni tofauti. Hapa mtu anaweza kukuuliza kwenu ni wapi, na ukishamjibu hana swali jingine tena, kwa sababu yaliyobaki anaona anayajua.

Chumbani kwetu tumepangwa wanne, ingawa kwa sababu ya kubebana mara nyingi tunazidi. Mmoja ametoka Moshi, anauza mitandio na pochi, naye tunamwita Mangi. Wa pili ni wa Bukoba, anaitwa Nshomile kwa sababu anapenda kueleza ukoo wake umetoa wasomi wangapi. Wa tatu ni Msukuma wa Mwanza. Yeye huchekwa kwa lafudhi yake na huitwa mshamba, na kila akitoka likizo hurudi na dagaa na samaki wakavu anaowauzia karibu jengo zima. Mimi ni “mtu wa Pwani”, jambo linalomaanisha kwamba natakiwa nipende kulala, ngoma na taarabu, nichelewe kila mahali, na shule nisiitilie maanani kwa kuwa nasubiri kuolewa. Juu ya hayo yapo majina ya kozi: wa uhandisi wanajiona, wa sheria wanabishana hata na mpishi wa kafeteria, wa biashara wamekuja kuonyesha mavazi, na sisi wa ualimu ni wale waliokosa pa kwenda.

Mwanzoni nilicheka pamoja na wengine, na kwa kweli mengine yalikuwa yanachekesha. Shida imeanzia katika kikundi chetu cha majadiliano, ambacho kina watu sita wa kozi moja. Muhula wa kwanza nilijitolea kuchapa kazi zetu kwa sababu nilikuwa na kompyuta, na tangu hapo kuchapa, kwenda steshenari na kubana karatasi imekuwa kazi yangu, wakati kusimama mbele ya darasa ni kwa wengine. Katika kazi moja ya muhula uliopita niliandika sehemu nzima ya namna ya kumfundisha mtoto wa kidato cha kwanza uwiano na asilimia kwa kutumia mauzo ya mazao shambani. Mhadhiri aliisifia sehemu hiyo kuliko nyingine zote, na aliyekuwa amesimama mbele alishukuru akakaa. Nilipoomba kuwasilisha kazi iliyofuata, kiongozi wetu alicheka akasema, “Wewe tukikupa kipaza sauti si utatuimbia taarabu?” Wote walicheka, nami nikacheka. Baadaye niliugua malaria nikakosa kikao, na mtu akaandika kwenye kundi letu la simu, “Pwani imelala.” Mwenzetu wa Mbeya amekosa vikao zaidi ya mimi, na kila mara wanasema lazima amepata dharura.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba nikitazama chumbani naona yanayosemwa yana ukweli. Yule wa Moshi kweli anapenda biashara. Yule wa Bukoba kweli hujisifu, ingawa ndiye aliyekaa nami hadi usiku wa manane kunielekeza takwimu bila kutaka chochote. Mimi mwenyewe kweli si mwepesi wa kusema mbele za watu, na baadhi ya wasichana niliosoma nao nyumbani waliolewa kabla ya kumaliza kidato cha nne. Basi najiuliza kama ninaumia kwa sababu nimeambiwa ukweli. Siku hizi sinyooshi mkono darasani, na katika jaribio la mwisho nilikwama kwenye maswali ambayo ningeweza kumfundisha mtu mwingine.

Muhula ujao tunaanza kazi kubwa itakayoambatana na maandalizi ya mazoezi ya kufundisha, na alama zake ni nyingi. Wanafunzi wanaotoka Lindi na Mtwara wamenikaribisha kwenye kikundi chao, wanasema tusome wenyewe kwa wenyewe. Kaka yangu, ambaye ni askari, anasema huo ni utani wa kawaida wa Watanzania na kwamba nimekuwa mwepesi wa kuumia. Mwenzangu wa Bukoba anataka niende kwa mhadhiri, lakini naogopa kuitwa mchongezi kwa miaka yote iliyobaki. Naomba unisaidie: haya yanayosemwa kuhusu watu wa mahali fulani yana ukweli wowote? Nami nikae, niseme, au niondoke?

*Binti wa Kusini*

Jibu la mshauri

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba imeandikwa na mtu anayeona mambo kwa undani na kuyapanga vizuri, kwa hiyo majibu mengi nitakayokupa nimeyatoa katika maneno yako mwenyewe.

Kama nimekuelewa, unabeba maswali mawili yaliyoshikana. Moja ni iwapo majina mnayopeana chuoni yanasema kweli kuhusu watu. La pili ni ufanye nini na kikundi ambacho kimekugawia kazi kwa kufuata jina hilo. Umeyaunganisha kwa namna ambayo inaniogopesha kidogo, kwa sababu umeandika kana kwamba jibu la swali la kwanza likiwa “ndiyo”, basi huna haki ya kulalamika katika la pili. Naomba tuyatenganishe, kwa maana hata kama ingekuwa kweli kwamba watu wengi wa mahali fulani si wepesi wa kusema hadharani, bado isingekuwa halali kuchukua kazi uliyoiandika wewe na sifa zake zikaenda kwa mwingine.

Tuanze na chumbani kwenu. Umesema dada wa Moshi anauza mitandio, na hilo ukaliona kuwa ushahidi kwamba Wachaga wanapenda fedha. Lakini umeandika pia kwamba dada wa Mwanza anawauzia dagaa na samaki karibu jengo zima, na hakuna aliyesema Wasukuma wanapenda fedha. Yeye biashara yake haikuhesabiwa, kwa sababu jina alilopewa ni la ushamba na hapo macho yenu yakatafuta lafudhi tu. Dada wa Bukoba amebaki kuitwa mwenye majivuno wakati ndiye, kwa maelezo yako, aliyetoa usingizi wake ili uelewe takwimu. Wewe unaitwa mtu wa Pwani na umekulia mahali ambapo bahari haionekani. Ulipougua ulikuwa umelala. Mwenzenu wa Mbeya alipokosa kikao alikuwa na dharura. Ukiyasoma haya kwa pamoja utaona kwamba kila mmoja wenu ana matendo mengi kwa siku, na kinachohifadhiwa kwenye kumbukumbu ni yale tu yanayolingana na jina, na mengine yanapita bila kuandikwa na mtu yeyote. Chumba cha watu wanne hakiwezi kuthibitisha lolote kuhusu mamilioni, na wewe unayesoma hisabati unalijua hilo kuliko mimi.

Hata hivyo sitaki kukwambia kwamba hakuna tofauti yoyote kati ya mikoa, kwa sababu ungeniona sisemi ukweli. Tofauti zipo, na zina sababu zinazofahamika. Watu wa Kilimanjaro walipata kahawa na shule za misheni mapema. Wakulima wao wadogo walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuata chama cha ushirika cha KNCU. Bukoba nako misheni na kahawa vilikwenda pamoja. Mahali ambapo mkulima alikuwa na fedha taslimu na shule ipo karibu, watoto walisoma, nao wakasomesha wadogo zao, na baada ya vizazi viwili watu wakaanza kusema kwamba kabila lile limezaliwa na akili au limezaliwa na tamaa.

Sasa tazama kwenu. Kusini ilipigwa vibaya katika vita vya Maji Maji kati ya 1905 na 1907, mashamba na maghala yakachomwa, na njaa iliyofuata iliua watu wengi sana. Hapo hapo Nachingwea Waingereza walileta mradi mkubwa wa karanga baada ya vita kuu ya pili, wakajenga na reli, na mradi ulipokufa reli nayo haikudumu. Daraja la Mkapa katika mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo msafiri wa Lindi alitegemea kivuko, na nyakati za mvua barabara iliweza kumzuia njiani kwa siku kadhaa. Korosho nazo huleta fedha kwa msimu, wakati ada na nauli haziusubiri msimu. Wale wenzako walioolewa kabla ya kidato cha nne walikuwa na shule ya namna gani, umbali gani kutoka nyumbani, na nani alikuwa na uwezo wa kuwalipia bweni? Nadhani unayajua majibu. Jina la “watu wasiojali shule” limechukua mambo haya yote na kuyaweka ndani ya miili ya wasichana wale, kana kwamba ni damu.

Ukitaka kuona jinsi majina haya yalivyo dhaifu, kumbuka kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga, na vijana wa mwambao wakawa miongoni mwa makarani na watumishi wa serikali wa kwanza nchini waliosoma kwa hati za Kilatini. Wakati huo mtu angeweza kusema kwamba watu wa Pwani ndio wasomi kwa asili. Masasi, jirani zenu, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa na kituo tangu mwaka 1876, na katika wilaya hiyo hiyo ndiko alikozaliwa Benjamin Mkapa. Wanafunzi wa chuo kikuu wenyewe, bila kujali kabila, wamewahi kupewa jina likabadilika: Oktoba 1966 walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, walirudishwa nyumbani wakionekana kuwa tabaka la wabinafsi. Kisha mwaka 1978 wanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliandamana kupinga marupurupu ya viongozi, na safari hiyo nao wakafukuzwa, lakini kosa lao halikuwa tena ubinafsi.

Nalo lile la walimu kuwa waliokosa pa kwenda, nitalipita upesi. Wewe ulikuwa wa kuchagua au wa kukosa? Jibu unalo, na hakuna anayepaswa kukujibia.

Kaka yako amesema ni utani, na ningependa tuliheshimu neno lake kwa kulichukua kwa uzito, maana utani ni jambo kubwa katika nchi hii. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani kwa sababu misafara ya bara ilipita Uzaramo kwenda pwani, na watu wale walilazimika kutafuta namna ya kuishi pamoja bila kuuana. Mtani anaweza kukutukana mbele ya msiba, akachukua kitu chako, na huruhusiwi kukasirika. Lakini mtani huyo huyo ana wajibu katika msiba wako. Anahudumia na anasaidia kuzika, nawe una ruhusa kamili ya kumrudishia matusi yake siku nyingine. Utani una njia mbili na una deni. Ninapokitazama kikundi chenu siuoni urejeshaji huo. Wewe unapowatania, je, kazi zao zinabadilika? Ulipougua malaria, kuna aliyekuletea uji au maelezo ya kikao? Kama yupo, basi huyo ni mtani wako na umkumbuke. Kama hakuna, kaka yako hakosei kuupenda utani, ila hajaambiwa sehemu ile ya kipaza sauti na sehemu ya alama. Pengine ukimsimulia hizo mbili peke yake atakujibu tofauti.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye mpaka: jina linapoishia kwenye kicheko, watu wazima wanaweza kulibeba, lakini linapoanza kugawa kazi, nafasi za kusema na sifa, limekuwa uamuzi juu ya maisha yako ambao hukushirikishwa.

Kuhusu kukwama kwenye jaribio, nakuomba usilichukulie kuwa ushahidi wa upande wao. Mwaka 1995 wanasaikolojia Claude Steele na Joshua Aronson wa Marekani walichapisha utafiti wao kuhusu wanafunzi weusi katika chuo kikuu cha Stanford: walipoambiwa kwamba mtihani unapima akili zao, walifanya vibaya kuliko wenzao weusi waliopewa mtihani ule ule bila maelezo hayo. Tafiti za baadaye zimetofautiana kuhusu ukubwa wa athari hiyo, kwa hiyo sitaki uibebe kama sheria. Lakini wazo lenyewe linaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi huku akitazamwa na mtu anayemngojea akosee: sehemu ya akili inafanya hesabu, na sehemu nyingine inajitetea. Yawezekana pia kwamba ulikuwa hujapona vizuri malaria, au hukulala. Usiharakishe kuamua sababu.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kejeli za chuoni hazijawahi kuwa jambo dogo nchini kwetu. Mlimani palikuwa na maandishi ya ukutani yaliyojulikana kama Punch, yaliyowadhalilisha wanafunzi, hasa wa kike, na kuwatisha waliothubutu kuwa karibu nao. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kusumbuliwa, na ndipo hatua kali zikachukuliwa. Wengi waliokuwa wakisoma maandishi yale na kucheka waliamini kwamba ni mzaha wa wasomi. Sisemi wewe uko karibu na hapo, wala barua yako hainionyeshi hivyo. Lakini ikiwa huzuni hii itakuondolea usingizi au hamu ya kula, ofisi ya mlezi wa wanafunzi ina washauri, na kwenda kwao hakumfanyi mtu kuwa mchongezi.

Niruhusu sasa nikuulize jambo moja ambalo huenda halitakupendeza. Kazi ya kuchapa ulijitolea mwenyewe. Inawezekana kwamba baadhi ya wenzako, siyo wote, wamezoea tu, na hawajui kwamba umechoka, kwa kuwa kila walipocheka ulicheka nao. Kiongozi aliyetaja taarabu alijua anachokifanya, au angalau alipaswa kujua. Lakini wako wanne wengine ambao hujaniambia chochote kuhusu mawazo yao. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba watu wa makundi tofauti hupunguza chuki wanapokutana kama masharti manne yapo: wana hadhi sawa, wana lengo moja, wanashirikiana, na wenye mamlaka wanaunga mkono. Kikundi chenu kina lengo moja na mnashirikiana. Kinachokosekana ni hadhi sawa, na mhadhiri hajui kwamba inakosekana. Ninaona hilo linaleta matumaini kuliko unavyodhani, kwa sababu mambo hayo mawili yanaweza kurekebishwa bila kumbadilisha mtu yeyote moyo.

Ukiamua kusema, sidhani kama itafaa uanze kwa kuwaambia kwamba wana ukabila. Watajitetea, na kikao kizima kitakuwa juu ya nia zao badala ya kazi. Unaweza kuanza na mtu mmoja ndani ya kikundi unayemwona mwenye haki, mkazungumza pembeni, kisha kwenye kikao ukaleta pendekezo la kazi tu: kwamba katika kazi ijayo majukumu yazunguke, kila anayeandika sehemu aiwasilishe yeye, na majina ya walioandika yawekwe kwenye kila sehemu. Pendekezo kama hilo ni gumu kulikataa bila kujieleza. Hatari yake ni kwamba watakucheka, au watakupoza kwa muda, na huenda ukapewa sehemu ngumu kuliko zote ili wakuone ukianguka. Ujiandae kwa hilo, na ile sehemu uliyoiandika ya mauzo ya mazao uijue kiasi cha kuifundisha bila karatasi.

Kwenda kwa mhadhiri kuna njia mbili, na mwenzako wa Bukoba labda anafikiria ile moja. Ukienda na majina ya watu na maneno waliyosema, unaweza kulindwa, lakini hofu yako ya kuitwa mchongezi ina msingi, hasa kama mtaendelea pamoja. Ukienda kama mwanafunzi anayeuliza iwapo kila mshiriki anaweza kupewa alama kwa sehemu aliyowasilisha, unaomba utaratibu utakaowafaa wengi ambao pia wanachapa kazi za wenzao kimya kimya. Hatari hapa ni kwamba mhadhiri mwenye darasa la mamia ya wanafunzi anaweza asikusikilize, nawe ukaona mlango umefungwa. Mwakilishi wa darasa anaweza kulipeleka suala hilo kwa niaba ya wote, ikiwa unamwamini.

Mwaliko wa wenzako wa Lindi na Mtwara siuchukulii kuwa kukimbia. Mtu aliyechoka kujieleza anahitaji mahali ambapo hahitaji kujieleza, na inawezekana kabisa ukanyoosha mkono kwanza huko, kisha darasani. Lakini jiulize mambo machache kabla ya kukubali. Je, wanasoma vizuri, au wamekualika kwa sababu ya kwenu tu? Kama ni kwa sababu ya kwenu, nao wamekuchagua kwa njia ile ile iliyokuumiza, ingawa kwa upendo. Mna kozi moja, au utabaki kuwaeleza hisabati huku kazi yako mwenyewe ikingoja? Na je, ukiondoka bila kusema lolote, utaondoka ukiwa na amani, au utabeba ile siku ya kipaza sauti mpaka kwenye ajira? Sijui jibu lako ni lipi. Wapo watu wanaohitaji kusema ndipo waondoke, na wapo ambao kuondoka kwao ndiko kusema. Unaweza pia kukaa katika kikundi chako kwa kazi zenye alama na ukasoma na wenzako wa Kusini jioni.

Kukaa kimya nako ni njia, na wala sitakulaumu ukiichagua kwa muhula huu ili upite salama. Ila gharama yake umeshaanza kuilipa: mkono usionyooshwa na swali ulilolijua likakushinda. Wewe unakwenda kufundisha. Katika mazoezi ya kufundisha utasimama mbele ya watoto peke yako na kikundi hakitakuwepo, kwa hiyo kila nafasi ya kusimama mbele ya watu kabla ya hapo, hata ikiwa ni kwa wenzako wa chumbani mkirudia takwimu, inakufaa wewe zaidi kuliko inavyowafaa wao.

Kuna jambo moja dogo unaloweza kulifanya bila ruhusa ya mtu. Safari ijayo dada wa Mwanza akiitwa mshamba chumbani, au wa Moshi akiitwa Mangi kwa namna inayomuuma, tazama uso wake badala ya kusikiliza kicheko. Baadaye mkiwa wawili, muulize anajisikiaje. Sikupi hili kama dawa ya kikundi chako. Nalisema kwa sababu umeandika kuhusu hao watatu kwa ukarimu mwingi, na ninashuku kwamba hata mmoja wao hajawahi kuulizwa.

Lolote utakaloona linakufaa, jaribu kulifanya kabla vikundi havijasajiliwa kwa ile kazi kubwa ya muhula ujao, kwa maana majina yakishapelekwa kwa mhadhiri kubadili kikundi huwa kugumu, na mazungumzo ambayo leo yangekuwa pendekezo yatakuwa ugomvi. Kama utapenda, niandikie tena baada ya kikao chenu cha kwanza, uniambie nani alisema nini pendekezo lako la kuzungusha majukumu lilipotajwa, hasa wale wanne ambao mpaka sasa hatujawasikia.

*Mama Mshauri*